Mlango wa Kwanza Haukuguswa

Visoda vitano vimepangwa mstari mmoja juu ya mkeka, vyote kifudifudi. Kila kisoda ni mlango. Kikilala kifudifudi, mlango umefungwa. Kikilala chali, uko wazi. Kanuni ni moja: ukigusa mlango, unageuka wenyewe, na jirani zake wa kulia na wa kushoto wanageuka pamoja nao. Uliofungwa unafunguka, uliokuwa wazi unafungwa. Mlango wa pembeni una jirani mmoja, basi unageuka na huyo mmoja. Kazi ni kuufungua mlango wa kwanza peke yake, minne mingine ibaki imefungwa, tena kwa hatua chache kuliko zote.

Kazi hiyo alijipa mwenyewe mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyekuja kukaa nami likizo. Yuko kidato cha pili. Fumbo alilitoa kwenye mchezo wa simu. Umeme ulipokatika jioni ile na simu ikaisha chaji, aliniuliza kama tunaweza kulicheza bila simu, nami nikamletea kopo la visoda vya drafti na taa ya kuchaji. Hapo palikuwa na tofauti ambayo hatukuiona mara moja. Simu ilikuwa inamchagulia mafumbo yenye jibu. Mkeka haukumchagulia kitu.

Akagusa wa kwanza, ikafunguka miwili. Akagusa wa pili: miwili ile ikafungwa, wa tatu ukafunguka. Akagusa wa tatu: ukafungwa, wa pili na wa nne ikafunguka. Akagusa wa nne, kisha wa tano, na sasa mitatu ya katikati ilikuwa wazi. Akaitazama kidogo, akagusa wa tatu tena. Yote mitano ikalala kifudifudi. Hatua sita, na mkeka uko vilevile kama alivyoanza.

"Nimerudi nyuma," alisema.

Hakuwa amerudi nyuma. Alikuwa ameokota ufunguo wa fumbo zima bila kujua, nami pia sikuujua kwa wakati ule. Aliendelea kwa karibu saa nzima. Mara mbili alifika mahali ambapo mlango wa pili pekee ndio uliozidi kuwa wazi, pamoja na ule wa kwanza. Mara nyingi alifanikiwa kufungua ule wa katikati peke yake, ambao hakuna aliyemwomba aufungue. Alipoanza kuvigonga visoda kwa hasira nikaketi chini kando yake.

Nilimwambia, "Mama, huu wa tatu usiuangalie kabisa. Jifanye haupo. Tuhesabu iliyo wazi kati ya minne iliyobaki."

Ukigusa wa kwanza, inageuka wa kwanza na wa pili: miwili kati ya ile minne. Ukigusa wa pili, inageuka wa kwanza na wa pili tena, pamoja na wa tatu tusiouhesabu: miwili. Ukigusa wa tatu wenyewe, inageuka wa pili na wa nne: miwili. Wa nne na wa tano ni hivyohivyo, upande wa pili. Hakuna mguso hata mmoja unaogeuza mmoja au mitatu kati ya ile minne. Kwa hiyo idadi ya iliyo wazi humo hupanda kwa mbili, au hushuka kwa mbili, au hubaki ilivyo. Tulianza na sifuri. Tunatafuta moja. Sifuri haifiki kwenye moja kwa kuruka mbilimbili.

Alinyamaza. Akagusa kisoda kimoja kimoja kuhakikisha, midomo ikihesabu bila sauti.

"Kwa hiyo hata nikikesha?"

"Hata ukikesha."

Nimewafundisha watoto hesabu kwa miaka, na ninajua uso wa mtoto aliyeshindwa. Huu haukuwa huo. Uso wake ulilegea, akatabasamu, akaegemea ukuta kama mtu aliyetua mzigo. Tunapofundisha hesabu shuleni tunamzoeza mtoto kwamba kila swali lina jibu nyuma ya kitabu, na asipolipata, kosa ni lake. Mara chache sana tunamwonyesha swali ambalo jibu lake ni hapana, hapana iliyothibitishwa, inayosimama hata baada ya sisi sote kuondoka. Lugha yetu nayo inatuchanganya kidogo hapa. Fundi aliyechoka anasema "imeshindikana", na mwanahisabati aliyethibitisha naye angeweza kusema "imeshindikana". Wa kwanza anazungumzia mikono yake. Wa pili anazungumzia milango. Ninatamani kila mwanafunzi wangu angepata nafasi, japo mara moja, ya kuisema ile ya pili.

Na ufunguo aliouokota ni huu. Hatua zake sita zilikuwa wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano, wa tatu. Wa tatu aliugusa mara mbili, na kugusa mlango mara mbili ni sawa na kutougusa: kilichogeuka kimegeuka tena. Ondoa hiyo, zinabaki hatua nne: wa kwanza, wa pili, wa nne, wa tano. Ukiigusa hiyo minne, kila mmoja mara moja, hakuna kinachobadilika hata kidogo. Ni kundi la kimya. Na ndiyo minne ileile tuliyoihesabu kuthibitisha kwamba haiwezekani. Safari yake ya bure na uthibitisho wa kizuizi ni kitu kimoja kilichotazamwa kutoka pande mbili. Nilipoliona hilo, taa ikiwa imeanza kufifia, nilihisi nywele za mkononi zikisimama.

Milango mitano inaweza kukaa kwa namna 32. Kutoka kwenye kufungwa yote unaweza kufika 16 tu, nusu kamili. Na kila unakofika kuna njia mbili, kwa sababu ukitaka unaweza kuliongeza lile kundi la kimya bila kudhuru kitu. Mlango wa katikati peke yake, kwa mfano: gusa wa kwanza na wa pili, utafunguka. Au gusa wa nne na wa tano, utafunguka vilevile. Fika mwenyewe ukajaribu. Ni jambo la kupendeza kuona mlango unafunguka katikati wakati mikono yote iko pembeni.

Kisha mpwa wangu akachukua kisoda cha sita kutoka kwenye kopo, akakiweka mwishoni mwa mstari. "Na hivi?"

Hapa kila kitu kinabadilika, na sababu yake ni kisoda kimoja. Ukiwa na milango sita hakuna kundi la kimya. Namna zote 64 zinafikika, na kila moja ina jibu moja tu. Nilimwonyesha namna ya kulitafuta jibu bila kubahatisha, nayo nitaieleza polepole maana ndiyo inayonifanya nilipende fumbo hili.

Jiulize swali kuhusu mlango wa kwanza: niuguse au nisiuguse? Tuseme hutaugusa. Nani mwingine anaweza kuufungua? Wa pili peke yake, maana wengine hawaufikii. Basi wa pili lazima uguswe. Unaugusa: wa kwanza, wa pili na wa tatu inafunguka. Sasa wa pili uko wazi nasi tunautaka umefungwa. Wa kwanza tumeshauamua, wa pili tumeshauamua, aliyebaki mwenye uwezo juu yake ni wa tatu. Unagusa wa tatu: wa pili unafungwa, wa tatu unafungwa, wa nne unafunguka. Mlango wa tatu uko sawa, basi wa nne hauguswi. Lakini wa nne wenyewe uko wazi, na wa kuufunga sasa ni wa tano tu. Unagusa wa tano: wa nne unafungwa, wa tano na wa sita inafunguka. Wa tano uko wazi, unagusa wa sita, yote miwili inafungwa.

Angalia mkeka. Mlango wa kwanza uko wazi, peke yake. Tumegusa wa pili, wa tatu, wa tano na wa sita. Wa kwanza haukuguswa.

Ukijaribu njia nyingine, ya kuanza kwa kuugusa wa kwanza, mlolongo uleule utakusukuma hadi mwisho, na utakuta mlango wa sita umebaki wazi bila mtu wa kuufunga. Kwa hiyo njia ni ile moja, na hatua ni nne, si tatu. Hapakuwa na haja ya kujaribu namna zote 64. Ulifanya uamuzi mmoja mlangoni pa kwanza, ukaufuata kwa uaminifu, na mlango wa mwisho ukatoa hukumu.

"Na kuifungua yote?" nilimuuliza.

Hiyo hakuhitaji msaada. Aliweka kidole juu ya wa pili, kisha juu ya wa tano. Hatua mbili, na milango sita iko wazi. Akacheka kwa mshangao, nami bado nashangaa kila nikiliandika: kuifungua yote sita ni hatua mbili, kuufungua mmoja ni hatua nne. Na ukitaka ya katikati minne iwe wazi, ya pembeni miwili ifungwe, huna budi kuigusa yote sita, kila mmoja mara moja. Picha inayoonekana ya kawaida kabisa ndiyo ghali kuliko zote 64.

Nilikulia katika kota ya vyumba sita vilivyojipanga mstari mmoja, milango yote ikitazama korido moja nyembamba iliyofungwa kwa ukuta upande wa pili. Chetu kilikuwa cha kwanza. Makomeo yalikuwa yamelegea, mbao zimenywea, na upepo haukuwa na pa kutokea ila humo. Mtu wa chumba cha pili akibamiza mlango, wetu ulifunguka wenyewe. Si kwa kanuni kamili kama ya visoda, bali mara nyingi vya kutosha hadi mama akawa anauliza kutoka uani, "Nani kafungua?" na sisi watoto tunaapa kwamba hatujaugusa. Baba alipigilia misumari kwenye komeo letu, akabadilisha bawaba, akaweka kipande cha raba chini. Mlango uliendelea kufunguka. Siku moja mama alichukua kipande cha kanga kuukuu, akakikunja, akaenda kubisha hodi chumba cha pili, akamwomba mama mwenzake waukandamize mlango ule usibamizike. Wakakiweka pamoja penye fremu. Mlango wetu ukatulia. Sikumwelewa kwa miaka mingi. Mlango wenye shida ulikuwa wetu, naye alikwenda kurekebisha wa jirani.

Waliotuachia lugha hii waliziita hisi zetu milango ya fahamu, nayo ni mitano. Pua ikifunguka kwa harufu ya kitunguu kinachokaangwa, ulimi nao umeshafunguka. Nadhani walijua kwamba milango haiko peke yake.

Neno linalonisumbua katika fumbo hili ni "hatua". Hatua, kwa fikra zetu, ina ya kwanza na ya pili. Mguu huu mbele, ule unafuata. Mchezaji wa bao anaelewa hivyo kuliko mtu yeyote. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64 (idadi sawa na namna za milango sita, sadfa tu, ila niliifurahia). Kila mchezaji anaanza na kete 22 mkononi, ananamua moja moja, na zikiisha mchezo unaingia kwenye mtaji. Katika bao mpangilio ndio kila kitu. Kete uliyoingiza mapema kuliko ilivyopasa inaweza kukugharimu nyumba yako, na kuirudisha haiwezekani. Mabingwa wa bao niliowaona Zanzibar wakiwa barazani hutazama ubao kimya, wakifuata kete akilini zinavyozunguka zamu baada ya zamu kabla mkono haujanyanyuka.

Milango haiko hivyo. Gusa wa pili kisha wa tano, au wa tano kisha wa pili, matokeo ni yale yale. Zile hatua nne za kuufungua wa kwanza unaweza kuzifanya kwa mpangilio wowote kati ya 24, na utafika. Mlango unajali kitu kimoja tu: umeguswa, wenyewe na jirani zake, mara ngapi, na idadi hiyo ni shufwa au witiri. Jibu si njia. Jibu ni orodha ya milango ya kugusa, na orodha ya ile ya kuiacha. Mwenye kutafuta hatua chache akifikiri kama mchezaji wa bao, akajiuliza "nianze na upi?", amejiuliza swali lisilo na uzito. Swali lenye uzito ni kwa kila mlango: ndiyo au hapana. Nimewaeleza hivyo wanafunzi wakubwa, wenye akili nyepesi kweli kweli, wakakubali kwa kichwa, halafu walipowekewa visoda mikono yao ikaanza tena kutafuta mwanzo. Mazoea ya hatua yamekaa ndani sana.

Walio na swichi mbili za taa ya ngazi, moja chini na moja juu, wanaishi na hesabu hii kila usiku. Kubonyeza popote kunaigeuza taa. Hakuna swichi ya kuwasha na swichi ya kuzima, kuna kugeuza tu. Mabonyezo mawili ni sawa na hakuna. Katika hesabu hii, moja ukijumlisha na moja unapata sifuri, nayo ni hesabu kamili yenye heshima zake, ndiyo inayoendesha kila kompyuta.

Fumbo lenyewe limepitia vitu vya kuchezea vingi. Kampuni ya Parker Brothers ya Marekani ilitoa mwaka 1978 mchezo wa kielektroniki ulioitwa Merlin, ambamo mmoja wa michezo yake ulikuwa wa kugeuza taa tisa. Mwaka 1995 Tiger Electronics wakatoa Lights Out, vitufe 25 vya kuwaka na kuzima, mistari mitano kwa mitano, kila kitufe kikigeuza chenyewe na jirani wa juu, chini, kulia na kushoto. Namna zake ni 33,554,432. Mwaka 1998 Marlow Anderson na Todd Feil walieleza kwa aljebra, katika jarida la Mathematics Magazine, kwa nini robo tu ya namna hizo ndizo zenye jibu, yaani 8,388,608. Ukianza na namna yenye jibu, hutahitaji kamwe zaidi ya miguso 15, na taa zote 25 zikiwa zinawaka, 15 ndizo utakazohitaji hasa.

Asubuhi iliyofuata tulipanga visoda tisa, tatu kwa tatu. Kuifungua yote kulichukua miguso mitano: pembe nne na katikati. Tukapanga 16, nne kwa nne, mpwa wangu akatabiri kwamba sasa itakuwa saba au minane. Ikawa minne. Mstari wa kwanza unagusa wa pili. Mstari wa pili, wa nne. Wa tatu, wa kwanza. Wa nne, wa tatu. Miguso minne, kila mmoja unageuza minne, na hakuna mlango unaogeuzwa mara mbili. Visoda 16 vililala chali kama maua yaliyofunguka kwa pamoja. Alipiga picha. Uwanja ulikua, kazi ikapungua, na mimi sina maneno mazuri ya kulieleza hilo kuliko kusema kwamba miguso ile minne inalingana na umbo lile kama vigae vinavyoenea sakafuni bila kukatwa.

Ninalolipenda zaidi lakini ni jambo alilolithibitisha Klaus Sutner, aliyelichapisha mwaka 1989. Alisema: acha mistari, acha miraba. Panga milango utakavyo, na ujirani uwe wa namna yoyote ile, huyu na jirani wawili, yule na jirani tisa, mwingine peke yake porini. Mradi ujirani uwe wa pande mbili, nikikugeuza nawe unanigeuza, milango yote iliyofungwa inaweza kufunguliwa yote. Daima. Hakuna mtaa utakaokataa.

Sababu yake mtu anaweza kuielewa kwa kupeana mikono. Kizuizi pekee katika fumbo hili ni kundi la kimya, kama lile la mpwa wangu. Ukiigusa milango yote ya kundi hilo, kila mlango unageuzwa kwa ujumla mara shufwa, ndiyo maana hakuna kinachobadilika. Sasa chukua mlango ulio ndani ya kundi: unageuzwa mara moja na mkono wako, na mara nyingine na jirani zake waliomo kundini. Jumla ni shufwa, basi jirani hao ni witiri. Kila mwanakundi ana jirani witiri ndani ya kundi. Fikiria ujirani ni kupeana mikono. Watu wakipeana mikono ukumbini, wale waliopeana mara witiri lazima idadi yao iwe shufwa, maana kila mkono ulioshikwa umehesabiwa mara mbili, huku na huku. Hilo limo katika andiko la Leonhard Euler la mwaka 1736 kuhusu madaraja saba ya Königsberg. Kwa hiyo kundi la kimya siku zote lina wanachama shufwa. Na kwa kuwa ujirani ni wa pande mbili, mguso wowote, wa mlango wowote, unageuza wanakundi shufwa. Kizuizi kinakataza jambo moja: idadi witiri ya wanakundi wawe wazi. Milango yote ikiwa wazi, wanakundi wote wako wazi, nao ni shufwa. Kizuizi hakina la kusema.

Ule mradi wa pande mbili si mapambo. Weka milango mitatu kwenye duara. Kila mmoja ukiguswa unageuka wenyewe na wa kulia kwake tu, wa kushoto hauguswi na mgeuko huo. Kila mguso sasa unageuza miwili. Sifuri, mbili, sifuri, mbili. Milango mitatu haitafunguka yote hata dunia iishe. Rudisha ujirani uwe wa kwenda na kurudi, mitatu ileile, duara lilelile: mguso mmoja, popote, yote iko wazi.

Nilimweleza mpwa wangu haya akiwa anakula, akasikiliza nusu. Yeye alikuwa na lake. Alikuwa ameongeza kisoda cha saba, akakuta saba nayo inakubali: mlango wa kwanza peke yake unafunguka kwa miguso mitano. Kisha cha nane. Alihangaika, akafuta mikono kwenye kanga, akaanza kugusa visoda viwili, akaruka kimoja, viwili, akaruka kimoja, viwili. Hakuna kilichobadilika.

"Mjomba, huu wa nane umekataa kama ule wa tano."

Sikujibu. Alikuwa ameshavuta kopo karibu, anapanga vingine: cha tisa, cha kumi, cha kumi na moja. Alivinyoosha mstari kwa ukingo wa kiganja, akainama karibu kabisa na mkeka, akaanza kuhesabu kutoka kushoto, kidole kikiruka cha tatu, cha sita, cha tisa.